Mchele wa kupima, mchele wa pakiti na moto ya mkataba

Katika soko la Kimironko, jijini Kigali, mchele unauzwa kwa namna tatu. Kuna wa kupima, uliomwagwa kwenye magunia yaliyokunjwa midomo, wa Bugarama huku na wa Tanzania kule, muuzaji akiuchota kwa kopo na kuumimina kwenye sahani ya mizani. Kuna wa pakiti ya kilo moja, uliofungwa na mashine. Na kuna mfuko wa kilo 25 ulioshonwa mdomo kwa uzi, unaobebwa begani hadi kwenye gari. Waulize wanunuzi watatu upi ni nafuu, utapata majibu matatu: wa kupima bei yake ni ya chini lakini mizani haiaminiki, wa pakiti ni ghali lakini hupunjwi, mfuko una nafuu lakini pesa yote inatoka kwa mkupuo.

Bei za mchele hupanda na kushuka kwa msimu, kwa hiyo tufanye hesabu kwa bei za mfano, msomaji aweke zake za wiki hii. Tuseme wa kupima ni faranga 1,500 kwa kilo, pakiti ni 1,700, na mfuko ni 36,000, yaani 1,440 kwa kilo.

Tuanze na hofu ya mizani, maana ndiyo inayowasukuma wengi kwenye pakiti. Muuzaji angelazimika kukupunja kiasi gani ndipo pakiti iwe nafuu kuliko mchele wake? Gawanya 1,500 kwa 1,700, unapata 0.882. Maana yake, ukilipia kilo ukapewa gramu 890, bado umelipa pungufu ya mwenye pakiti. Atakayekukata gramu 120 katika kila kilo utamjua kwa kupima nyumbani mara moja tu, na hadumu na wateja. Punjo la gramu 50, ambalo linaweza kupita bila kuonekana, linafanya kilo yako kamili ikugharimu 1,579. Bado uko mbele kwa faranga 121. Anayekimbilia pakiti kwa kuogopa kuibiwa analipa utulivu wa moyo kwa bei kubwa kuliko wizi wenyewe. Pakiti ina sifa nyingine, haina mawe wala vumbi, na anayelipia hizo sina ugomvi naye.

Na hiyo pakiti, je, ina kilo?

Hapa ndipo watu wengi hujidanganya, kwa pande zote mbili. Mtu anaweka pakiti kwenye mizani ya jikoni, anaona gramu 990 baada ya kutoa uzito wa karatasi, anapiga picha na kusambaza kwenye kikundi cha WhatsApp: tunaibiwa. Mwingine anapima yake, anaona 1,004, anamjibu kwamba kampuni ni nzuri. Wote wawili hawana ushahidi. Mashine ya kufunga haijazi kila pakiti sawasawa; hii inazidi kidogo, ile inapungua. Kipimo cha kuyumba huko kinaitwa mchepuko sanifu, na kwa maneno ya kawaida ni umbali ambao pakiti za kawaida hukaa mbali na wastani wao. Tuseme kwa mashine hii ni gramu 9. Kama kiwanda ni cha haki na wastani wake ni 1,000 kamili, bado pakiti zipatazo 13 katika kila 100 zitakuwa na gramu 990 au chini ya hapo. Pakiti yako moja inaweza kuwa mojawapo ya hizo, hakuna aliyekuibia.

Sasa wakusanyike majirani tisa, kila mmoja na pakiti yake ya duka lile lile, au ikimina, kikundi cha kuweka akiba, iliyonunua kwa pamoja. Wapime zote tisa na kutafuta wastani. Wastani wa pakiti tisa hauyumbi kama pakiti moja: zilizozidi zinafidia zilizopungua. Kuyumba kwake ni mchepuko wa pakiti moja ugawanywe kwa kipeuo cha pili cha idadi ya pakiti. Kipeuo cha pili cha 9 ni 3, na 9 kugawanya kwa 3 ni 3. Kwa hiyo wastani wa pakiti tisa una mchepuko wa gramu 3 tu. Kama wastani huo ukitoka 990, uko michepuko mitatu na theluthi chini ya kilo, na uwezekano wa kiwanda cha haki kutoa wastani wa namna hiyo kwa bahati mbaya ni kama mara 4 katika 10,000. Gramu ni zile zile 990 za yule wa WhatsApp, lakini sasa una neno la kumwambia mwenye duka.

Kanuni inayoturuhusu kutaja uwezekano huo inaitwa kanuni ya kikomo cha kati. Abraham de Moivre aliifikia kwa mchezo wa kurusha sarafu mwaka 1733, Pierre-Simon Laplace akaipanua mwaka 1810, na jina tunalolitumia lilitoka kwa George Pólya mwaka 1920. Inasema kwamba ukichukua vitu vingi visivyotegemeana, hata kama kila kimoja kina tabia yake ya ajabu, wastani wao utajipanga katika umbo la kengele: wengi katikati, wachache pembeni, na uchache wa pembeni unajulikana kwa hesabu. Haidai kwamba pakiti zenyewe zijipange hivyo. Ni wastani wake ndio unaojipanga, na hilo ndilo linaloifanya ifae sokoni, kwa sababu karibu hakuna bei wala uzito wa mtaani unaofuata umbo zuri la kitabuni.

Sharti moja lisisahaulike: pakiti tisa zichukuliwe bila kuchagua. Ukipita rafuni ukiokota zile zilizosinyaa, umeshapika jibu kabla ya kupima.

Wakaguzi wa vipimo wanaitumia hesabu hiyo hiyo, tena kwa ukali zaidi. Pendekezo namba 87 la OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, linaagiza kwamba katika shehena ya pakiti 501 hadi 3,200 zichukuliwe 80 kwa bahati nasibu. Kwanza wastani: upungufu wa wastani unafidiwa kwa 0.295 mara mchepuko wa hizo 80, kwa sababu sampuli huyumba na mwenye kiwanda hastahili kuadhibiwa kwa bahati mbaya ya sampuli. Wastani ukiwa gramu 996 na mchepuko 9, fidia ni gramu 2.7, upungufu ni 4, shehena inakataliwa. Mtu mjanja atasema: basi nitaiacha mashine iyumbe, mchepuko ufike 20, fidia itakuwa gramu 5.9 nami nitapita. Hapati. Sharti la pili linasema kati ya hizo 80, zisizidi tano zenye upungufu wa zaidi ya gramu 15, na isiwepo hata moja yenye upungufu wa zaidi ya gramu 30. Kwa mashine yenye kuyumba vile, pakiti zaidi ya 20 zingevuka mpaka wa gramu 15. Sharti la kwanza linawalinda wanunuzi wote kwa ujumla wao, la pili linamlinda yule mama mmoja aliyenunua pakiti moja.

Ile 0.295 inatokana na kazi ya William Gosset, mtaalamu wa kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin, aliyeichapisha mwaka 1908 kwa jina la bandia la Student. Tatizo lake lilikuwa la kila siku: sampuli ni ndogo, mchepuko wenyewe haujulikani bali unakadiriwa kwenye sampuli ile ile, na bosi anataka jibu leo.

Kwa mfuko wa kilo 25, pendekezo hilo linaruhusu mfuko mmoja kupungua hadi asilimia 1, yaani gramu 250. Hata ukipata mfuko uliofika mpaka huo, kilo yako inakuwa 1,455, bado chini ya wa kupima na mbali sana na pakiti. Mwenye faranga 36,000 mkononi na mahali pakavu pa kuhifadhi anunue mfuko. Asiye nazo anunue wa kupima, lakini ajue jambo moja ambalo kanuni haiwezi kumsaidia: mizani iliyochezewa haifidiwi na wingi. Ukinunua mara 50 kwenye mizani inayokata gramu 50, wastani wako utatulia vizuri kabisa kwenye 950. Kurudia kunaondoa kuyumba, hakuondoi upotofu. Dawa yake ni kupima mara moja kwenye mizani nyingine, na kuhamia meza ya jirani. Ulalamishi rasmi una mahali pake, RICA, mamlaka ya ukaguzi, ushindani na ulinzi wa mlaji.

Tuuache mchele, twende barabarani, ambako familia nyingi za Kigali hutoa pesa kidogo kidogo bila kuijumlisha.

Chukua mfanyakazi anayekaa Kimironko na kufanya kazi mjini, siku 22 kwa mwezi, safari 44 kwenda na kurudi. Moto, yaani pikipiki ya abiria, ina kasi na inamfikisha mlangoni. Mita za moto zilikuja, na Januari 2022 motari, waendeshaji wake, wakaandamana kuzipinga jijini. Bei ya mdomo haijafa. Motari anasimama, anakunyooshea kofia ngumu ya abiria, unataja unakokwenda, anataja bei, unapunguza, unapanda au unamwacha. Asubuhi kavu mnakubaliana upesi. Saa kumi na mbili jioni, wingu likiwa limeshuka juu ya Mlima Kigali, hana haja ya kukusikiliza.

Tuseme wastani wake ni faranga 1,100 kwa safari na mchepuko ni 220. Bei hizi hazina umbo la kengele hata kidogo: nyingi zimebanana kati ya 950 na 1,100, halafu zipo chache zinazokimbia hadi 1,700 siku ya mvua. Motari mmoja wa kituoni kwake anamwambia: bosi, nipe 52,000 kwa mwezi, nitakubeba kila siku, mvua jua. Akubali?

Kwa wastani safari 44 zitamgharimu 48,400. Mkataba unamtoza 3,600 zaidi, na hiyo ndiyo bei ya kutosumbuka na bei. Je, uwezekano ni kiasi gani kwamba bila mkataba angetumia zaidi ya 52,000? Kipeuo cha pili cha 44 ni 6.63, kwa hiyo jumla ya mwezi inayumba kwa 220 mara 6.63, karibu 1,460. Faranga 3,600 ni michepuko miwili na nusu hivi. Uwezekano hauzidi asilimia 1. Ni kama mwezi mmoja katika miaka kumi na miwili. Safari moja moja zinamtia presha, lakini mwezi wake umetulia, na mkataba ni hasara.

Hesabu nzuri. Tatizo lake ni kwamba imedhani safari hazitegemeani, na mvua haijui hilo. Itumba, mvua ndefu za Machi hadi Mei, haipandishi safari moja na kuiacha nyingine. Inapandisha za mwezi mzima kwa pamoja. Petroli ikipanda, hali ni hiyo hiyo. Kuyumba kwa bei kuna sehemu mbili: ile ya motari huyu na abiria huyu asubuhi hii, na ile ya mwezi wote. Ya kwanza inafidiwa na wingi wa safari. Ya pili haifidiwi na chochote, kwa sababu safari zote 44 zimeibeba.

Tuigawe ile 220. Tuseme sehemu ya mwezi ina mchepuko wa 120. Sehemu ya safari inabaki na 184 hivi, kwa kuwa michepuko hujumlishwa kwa vipeo vyake vya pili. Sasa wastani wa mwezi hauyumbi kwa 33 kama tulivyodhani, bali kwa 123. Mkataba wa 52,000 ni sawa na 1,182 kwa safari, umbali wa 82 tu kutoka kwenye wastani. Uwezekano wa kutumia zaidi ya mkataba unaruka kutoka chini ya asilimia 1 hadi asilimia 25. Bei ni zile zile, wastani ni ule ule, na mchepuko wa safari moja ni ule ule 220. Kilichobadilika ni kukubali kwamba mvua ni moja kwa wote.

Ndiyo maana mkataba wenyewe unategemea mwezi. Juni na Julai, kiangazi, usiuguse. Mwishoni mwa Februari mtafute motari huyo uzungumze naye miezi mitatu mbele kwa bei ile ile. Akikubali, umemuuzia mvua. Ataitaka bei hiyo Julai pia, na mtapatana mnavyopatana.

Yapo matumizi ambayo hata safari 44 hazitoshi kuyatuliza, kwa sababu tukio moja ni kubwa kuliko mengine yote yakijumlishwa: mguu uliovunjika, mtoto aliyelazwa, upasuaji. Mtu mmoja haishi miaka ya kutosha wastani wake wa hospitali utulie. Watu milioni kadhaa wakiweka pamoja, unatulia mwaka ule ule, na hiyo ndiyo kazi ya mituweli, bima ya afya ya jamii, inayosimamiwa na RSSB, bodi ya hifadhi ya jamii, tangu 2015, kwa mchango ambao kwa familia nyingi ulikuwa kwa miaka mingi faranga 3,000 kwa mtu kwa mwaka. Hapo hakuna cha kulinganisha.

Basi la jiji ni habari nyingine. Nauli yake inajulikana, unagusisha kadi ya Tap&Go mlangoni na kupita, kuyumba kwa pesa ni sifuri. Kinachoyumba ni foleni. Tuseme nauli ni 500 na kusubiri kituoni ni dakika 18 kwa wastani, mchepuko 14, na mkia mrefu upande wa ubaya: hakuna anayesubiri pungufu ya sifuri, lakini wapo wanaosubiri saa nzima. Ukitumia kanuni, wastani wa asubuhi 22 una mchepuko wa dakika 3. Karibu kila mwezi utakuwa umesubiri kati ya dakika 12 na 24 kwa wastani. Inatuliza.

Isipokuwa bosi wako hapimi wastani. Tuseme unatoka nyumbani mapema kiasi kwamba utachelewa tu basi likikuweka zaidi ya dakika 40, na hilo hutokea asubuhi moja katika 20. Uwezekano wa kumaliza mwezi bila kuchelewa hata mara moja ni 0.95 ijizidishe mara 22, karibu 0.32. Kwa hiyo ni asilimia 68 kwamba utachelewa angalau siku moja, hata kama wastani wako wa kusubiri umekaa sawasawa kwenye 18. Pesa hujijumlisha: faranga iliyozidi Jumatatu inafidiwa na iliyopungua Alhamisi. Kuchelewa kwenye usaili wa kazi Jumatatu hakufidiwi na kuwahi Alhamisi. Kabla ya kulinganisha bei mbili, uliza gharama hiyo ni ya kujumlisha au ni ya kuuma mara moja. Ya kujumlisha, tazama wastani na usihangaike na siku mbaya. Ya kuuma mara moja, wastani haukuhusu, tazama mkia.

Kwa mfanyakazi wetu ina maana hatakiwi kuchagua basi au moto, bali siku. Siku nyingi akichelewa robo saa hakuna anayeuliza. Hizo ni za basi. Zipo asubuhi za kikao, za ukaguzi, za kuwahi ndege uwanja wa Kanombe, tuseme nne kwa mwezi. Hizo apande moto na alipe atakachotajiwa bila kubishana sana. Safari 40 za basi ni 20,000, nne za moto ni 4,400, jumla 24,400. Moto kila siku ingekuwa 48,400. Tofauti ni 24,000 kamili, na malipo yake ni muda: kama basi, pamoja na kusubiri, linamla nusu saa zaidi kwa kila safari, safari 40 ni saa 20. Anauza kila saa yake kwa faranga 1,200. Fundi cherehani wa Biryogo anayelipwa kwa nguo, ambaye saa moja ya asubuhi inamwingizia zaidi ya hapo, apande moto mwezi mzima. Mwenye mshahara usiobadilika apande basi, na kadi aijaze kabla ya foleni kuanza.